Gita la Umeme: Nibaki Nalo au Nilirudishe? Historia Fupi kwa Watu wa Tarakilishi



Leo tupumzike kidogo na habari za seva na hifadhidata. Nataka tuzungumze juu ya kifaa ambacho wengi wetu hudhani ni mali ya wanamuziki peke yao, kumbe kilibuniwa na watu wanaofanana sana na sisi: mafundi wa redio, wahasibu waliochoka kuhesabu, na jamaa wa kuchezea waya mezani usiku wakati wenzao wamelala. Kifaa hicho ni gita la umeme.

Sababu ya kulichimba somo hili ni hii. Wiki jana nilinunua gita la umeme, jipya, lenye umbo la Stratocaster lakini la bei ya watu wa kawaida, pamoja na amplifaya yake ndogo. Gita shilingi 22,000, amplifaya 9,500, jumla 31,500. Pesa hizo nilizipata kwa kazi ya ziada niliyoimaliza mwezi uliopita, na hazikuwa na mwenyewe ila mimi. Siku mbili baadaye dada yangu mdogo akapata barua ya kujiunga na chuo kikuu, kozi ya sayansi ya tarakilishi, na anatakiwa kuripoti baada ya wiki nne. Kozi ile bila kipakatalishi ni kama kwenda shambani bila jembe. Niliulizia bei ya kipakatalishi cha mitumba kilicho imara, nikatajiwa shilingi 24,000. Duka la gita lilikuwa limenipa siku saba za kurudisha bidhaa na kupewa pesa zangu zote. Naye mama, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniuliza kwenye simu swali moja tu: "Hilo gita litamsaidia nini mtoto chuoni?"

Mtu wa tarakilishi akibanwa na swali hukimbilia nyaraka. Basi nami nikaisoma historia ya gita la umeme jinsi ninavyosoma historia ya mradi wa programu kabla ya kuutegemea: nani aliuanzisha, alitaka kutatua tatizo gani, je, ukiharibika unarekebishika, na wanaouacha wanauacha kwa nini? Haya, twende pamoja.

1. Sumaku, waya na tatizo la sauti ndogo

Tatizo la kwanza lilikuwa sauti. Huko Marekani katika miaka ya 1920, bendi za dansi zilijaa tarumbeta na ngoma. Mpiga gita alikaa pembeni akikuna nyuzi zake na hakuna aliyemsikia. Wakati huohuo muziki wa Hawaii ulikuwa unapendwa sana, na gita la Hawaii hulazwa mapajani na kupigwa kwa kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi. Wapigaji wake walitaka kusikika.

Mmoja wao alikuwa George Beauchamp wa Los Angeles. Mwaka 1931, akisaidiana na Paul Barth, alifanya majaribio nyumbani kwake hadi akapata kinachofanya kazi. Inasimuliwa kwamba alitumia mota ya mashine ya kufulia nguo kuzungushia waya mwembamba wa shaba. Kifaa alichopata ndicho tunachokiita pikapu (si gari la kubebea mizigo, ingawa jina ni lilelile). Akishirikiana na Adolph Rickenbacker, aliyekuwa na karakana ya vyuma, walianza kuuza gita la alumini mwaka 1932. Lilikuwa na tumbo dogo la mviringo na shingo ndefu, watu wakalibandika jina la kikaango.

Pikapu hufanya kazi hivi. Chini ya nyuzi za chuma kuna sumaku, na kuizunguka sumaku kuna koili ya waya wa shaba ulio mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi ukitetemeka unavuruga uga wa sumaku, na uga ukibadilika umeme mdogo unazaliwa ndani ya koili. Ni kanuni ileile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, ile tuliyoikariri kidato cha nne bila kujua kama iko siku tutaihitaji. Uzi wa A ukitetemeka mara 110 kwa sekunde, umeme nao unapanda na kushuka mara 110 kwa sekunde. Gita la umeme basi halipazi sauti ya mbao. Linasoma mwendo wa chuma na kutuma data kwenye waya.

Beauchamp aliomba hataza mwaka 1934 na hakuipata hadi 1937. Wachunguzi walitatizika: je, hiki ni ala ya muziki au ni kifaa cha umeme? Wakati wao wakijiuliza, kampuni nyingine zilikuwa tayari sokoni. Mwaka 1936 Gibson walitoa ES-150, iliyouzwa pamoja na amplifaya na waya wake kwa takriban dola 150. Zingatia hilo la kuuzwa pamoja, tutalirudia. Kijana Charlie Christian alilichukua gita hilo, akajiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, na akawaonyesha watu kwamba gita linaweza kusimama mbele na kuimba kama saksafoni. Alifariki mwaka 1942 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 25.

2. Mhasibu asiyejua kupiga gita

Sasa tumfikie mtu ninayempenda kuliko wote katika historia hii, Leo Fender. Alisomea uhasibu, akafanya kazi ya uhasibu, na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California. Hakujua kupiga gita. Hata kulitune hakuweza vizuri. Lakini wanamuziki walimletea amplifaya zilizoharibika, naye akawa anawasikiliza wanavyolalamika. Yaani alikuwa na kitu ambacho waandaaji wengi wa programu hatuna: watumiaji halisi wanaogonga mlango kila siku.

Mwaka 1950 alitoa gita la ubao mzima, lisilo na tumbo wazi. Aliliita Broadcaster, lakini kampuni ya Gretsch ilikuwa tayari na ngoma zenye jina kama hilo, basi mwaka 1951 likawa Telecaster. Magita ya zamani shingo yake iliunganishwa kwa gundi na mkono wa fundi stadi. Fender aliifunga kwa skrubu nne. Shingo ikipinda, fungua skrubu, weka nyingine, endelea na kazi. Mwaka 1954 akatoa Stratocaster, pikapu tatu, na daraja ambalo kila uzi una kijitandiko chake kinachorekebishwa kwa bisibisi. Liliuzwa dola 249.50.

Kwa lugha yetu tungesema alitengeneza mfumo wa moduli. Kila kipande kina kazi yake, kila kipande kinatoka, na huhitaji ruhusa ya kiwanda kukibadilisha. Ndiyo maana karakana nyingi duniani zinatengeneza nakala zake hadi leo, na ndiyo maana mimi wa Nairobi nimeweza kununua moja kwa shilingi 22,000.

Hili lilinigusa kwa sababu gita langu lilifika na kasoro. Nilirekodi uzi wa A ukiwa wazi, programu yangu ndogo ya kupima masafa ikasoma 110 Hz, safi kabisa. Nikabonyeza kizuizi cha 12, ambapo inapaswa kusoma mara mbili, yaani 220 Hz. Ikasoma 223. Hiyo ni tofauti ya karibu senti 23 (senti 100 ni nusu toni), na sikio linaisikia. Je, ni sababu ya kulirudisha? Kwenye gita la aina nyingine labda. Kwenye huu muundo wa Fender unachukua bisibisi, unasogeza kijitandiko nyuma kidogo, unapima tena. Dakika tano, 220.

Kipimo cha vizuizi vyenyewe sikukihofia, kwa sababu ni hesabu tupu. Urefu wa uzi kwenye gita la aina hii ni milimita 648. Kila kizuizi kinagawa urefu uliobaki kwa kipeuo cha kumi na mbili cha 2, yaani takriban 1.05946. Cha kwanza kiko milimita 36.4 kutoka kichwani, cha 12 kiko 324, nusu kamili. Hesabu hiyo ni ya kale kuliko umeme. Mchina Zhu Zaiyu aliikokotoa mwaka 1584, na huko Italia Vincenzo Galilei, baba yake Galileo yule wa darubini, alipendekeza makadirio ya 18 kwa 17 mwaka 1581. Nilichukua rula nikapima. Kiwanda kilikuwa kimefanya hesabu yake sawasawa.

3. Kasoro zilizogeuka sifa

Kuna mngurumo pia. Pikapu ya koili moja inanasa nyuzi, lakini inanasa na umeme wa ukutani vilevile. Kenya umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hivyo mngurumo wetu uko karibu na noti ya G. Marekani ni 60 Hz, wao wanangurumiwa kati ya A kali na B. (Hata kelele ina uraia!)

Dawa ilipatikana mwaka 1955, pale Seth Lover wa Gibson alipoweka koili mbili zenye mzunguko na sumaku za kinyume. Kelele ya ukutani inaingia kwenye koili zote mbili na kujifuta yenyewe; ishara ya nyuzi inajumlishwa. Wanaojua jinsi jozi ya waya za USB inavyobeba ishara mbili kinyume ili kuishinda kelele watatambua wazo hilo mara moja.

Lakini si kila kasoro ilitibiwa. Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilisafiri kwenda Memphis kurekodi wimbo Rocket 88 kwa Sam Phillips. Njiani amplifaya ya mpiga gita Willie Kizart ikaharibika. Wakaijaza karatasi mahali palipochanika, wakarekodi hivyohivyo, na ule mkwaruzo ukawa sehemu ya utamu wa wimbo. Huko Nashville, mtambo wa studio uliharibika katikati ya kurekodi wimbo wa Marty Robbins na kuitoa ala ya Grady Martin kama nyuki ndani ya debe. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, badala ya kufuta, alikaa akatafuta jinsi ya kuirudia kasoro ile kwa makusudi kwa transista. Mwaka 1962 ikauzwa kama kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, Maestro Fuzz-Tone. Haikununuliwa sana hadi Rolling Stones walipoitumia mwaka 1965, ndipo ikaisha madukani.

Na hii je? Stratocaster ya mwaka 1954 ilikuwa na swichi ya nafasi tatu, pikapu moja kwa wakati. Wapigaji wakagundua kwamba ukiiegemeza swichi katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili zinafanya kazi pamoja na sauti inakuwa nyingine kabisa. Kwa miaka mingi walibana swichi pale katikati. Kiwanda kilikubali mwaka 1977 kikaweka swichi ya nafasi tano. Miaka 23 ya watumiaji kutumia sifa isiyoandikwa kwenye mwongozo! Sisi tunaoambiwa "hiyo si hitilafu, hiyo ni sifa" tuna ndugu wa kale.

4. Lilivyofika kwetu

Msomaji wa hapa kwetu atauliza, na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa na gita tayari, lile la mbao lisilo na umeme. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Katanga (leo Likasi), akiimba kwa Kiswahili na kupiga kwa vidole namna ambayo hadi leo wapiga gita wa Ulaya wanakaa chini kuisoma. Baadaye Mwenda alikuja kufanya kazi hapa Nairobi, na mtindo ule wa vidole ukapata wafuasi wengi Kenya.

Umeme ulipitia Kongo. Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga jazi aliyefika Léopoldville mwanzoni mwa miaka ya 1950 kufanya kazi na studio ya CEFA, hutajwa kuwa ndiye aliyelitambulisha gita la umeme pale. Vijana hawakuchelewa. Nico Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico, alikuwa Brussels mwaka 1960 na bendi ya African Jazz wakati wa mazungumzo ya uhuru wa Kongo. Naye Franco Luambo, aliyezaliwa 1938, anasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alijitengenezea gita la mkebe na nyuzi za waya wa umeme. Kufikia 1953 alikuwa akirekodi, na mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa walioanzisha OK Jazz.

Huku kwetu wapigaji wa ziwani walichukua mwendo wa nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyuzi nane, wakauweka kwenye gita la umeme, benga ikazaliwa. D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, aliubeba muziki huo na Shirati Jazz hadi alipofariki mwaka 2006. Kutoka Tanga wakaja ndugu wa Kinyonga, ambao Simba Wanyika yao ilianza Kenya mwaka 1971. Ukizisikiliza bendi hizi kwa makini utagundua magita hayashindani. Moja linashika mwendo mdogo unaojirudia, jingine linajibu, la tatu linapanda juu. Kila mmoja anafanya jambo moja na kulifanya vizuri. Mzee yeyote wa Unix angetikisa kichwa kwa kukubali.

Katika habari hizi jambo moja lilinisimamisha. Hakuna anayemkumbuka Franco kwa thamani ya gita lake la kwanza, maana thamani yake ilikuwa mkebe. Kwa hivyo hoja ya "nibaki nalo kwa sababu ni gita zuri" niliifuta kwenye orodha yangu hapohapo.

5. Walioshikilia na walioachilia

Tuje kwenye swali lenyewe. Nimechagua watu wanne.

B.B. King, mwaka 1949, alikuwa akipiga kwenye ukumbi wa dansi mjini Twist, Arkansas. Ukumbi ulipashwa joto kwa pipa la mafuta ya taa linalowaka. Wanaume wawili wakapigana, pipa likaanguka, nyumba ikashika moto. King alikuwa ameshatoka nje akakumbuka gita lake la dola 30, akarudi ndani ya moto kulichukua. Watu wawili walikufa usiku ule. Kesho yake akaambiwa ugomvi ulikuwa juu ya mwanamke aitwaye Lucille. Tangu hapo kila gita lake aliliita Lucille, ili ajikumbushe asifanye tena upumbavu kama ule. Kwa mapokeo ya King mwenyewe basi, kushikilia chombo kuliko uhai si ushujaa.

Peter Green wa Fleetwood Mac alikuwa na Les Paul ya mwaka 1959. Sumaku ya pikapu moja ilikuwa imegeuzwa kinyume, sauti ikawa ya upweke fulani ambayo wengine walishindwa kuiiga. Alipoiacha bendi mwaka 1970 na kutaka kuachana na mali, alimuuzia gita kijana Gary Moore kwa bei ya chini sana. Moore alilipiga hadi 2006. Tangu 2014 liko kwa Kirk Hammett wa Metallica. Green aliliachilia, na gita halikufa. Lilipata mikono mingine.

Brian May hakununua. Kuanzia 1963, yeye na baba yake Harold, mhandisi wa elektroniki, walitengeneza gita kwa mbao za meko ya zamani na springi za valvu za pikipiki. Pesa hazikuwepo, muda na ujuzi ulikuwepo. Ndilo gita alilopiga katika bendi ya Queen, akiwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Tena May alirudi shuleni akamaliza udaktari wake wa fizikia ya anga mwaka 2007. Anayesema muziki na masomo haviwezi kukaa chumba kimoja amjibu huyo.

Wa nne ni David Gilmour wa Pink Floyd. Stratocaster yake nyeusi aliinunua New York mwaka 1970, akaibadilisha shingo, pikapu na swichi mara nyingi kiasi cha kuuliza kama bado ni gita lilelile. Mwaka 2019 aliipiga mnada kwa dola 3,975,000, na pesa za mnada ule akazitoa kwa shirika linalopigania mazingira. Alikaa nalo karibu miaka 50, na kazi ilipokwisha alilibadilisha kuwa kitu kingine chenye maana kwake.

Hadithi tamu, sivyo? Lakini tuwe waangalifu. Hawa ni waliofaulu. Kupima ubora wa uamuzi kwa kuwahesabu waliofaulu tu ni kama kupima uthabiti wa seva kwa kusoma kumbukumbu za maombi yaliyojibiwa peke yake. Andy Mooney, alipokuwa mkuu wa Fender, alisema wazi kwamba takriban asilimia 90 ya wanaoanza gita huliacha ndani ya mwaka wa kwanza. Huyo ni muuzaji wa magita anasema hivyo! Kwa hivyo kisio la busara kwa mtu yeyote anayeanza, mimi nikiwemo, ni kwamba ataliacha.

6. Hesabu yangu

Niliweka mambo matatu mezani.

La kwanza, dada yangu lazima aripoti na kipakatalishi. Hilo halijadiliwi. Mtu hawezi kuitwa kaka mkubwa siku za sherehe peke yake.

La pili, gita lenyewe ni zima. Kasoro zake zote ni za bisibisi, na likija kuharibika kweli kila kipande kinapatikana. Nikiliacha baada ya miezi sita, litauzika, kwa hasara kiasi.

La tatu ndilo historia ilinifungua macho. Tangu 1936 gita na amplifaya vimeuzwa kama pacha, lakini si pacha. Gita ni chuma, mbao na sumaku, na hakuna programu inayoweza kuwa badala ya vidole kwenye uzi. Amplifaya ni kazi ya hesabu juu ya ishara, na hesabu ndiyo kazi ya tarakilishi. Mwaka 1996 Line 6 walitoa amplifaya inayoiga nyingine kwa njia ya dijitali, mwaka 1998 wakaitoa kama kisanduku kidogo cha POD, na leo kuna programu huria zinazofanya kazi hiyo bure: Guitarix kwenye Linux, na nyingine zinazotumia mitandao ya neva bandia kujifunza tabia ya amplifaya halisi.

Hofu ni ucheleweshaji. Hebu tukokotoe. Kadi yangu ya sauti ya USB, ninayo tangu zamani, inachukua sampuli 48,000 kwa sekunde. Bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.7. Kuingia na kutoka ni kama 5.3, na nyongeza kidogo ya kadi yenyewe. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo milisekunde 5.3 ni sawa na kusimama kama mita 1.8 kutoka kwenye spika. Wapigaji wa jukwaani husimama mbali kuliko hapo kila usiku.

7. Uamuzi

Siku ya tano nilirudisha amplifaya na kubaki na gita. Shilingi 9,500 zikarudi. Nikaongeza 14,500 kutoka akiba yangu ya dharura, na kipakatalishi kikanunuliwa mapema, bado wiki tatu kabla ya dada kuripoti. Akiba ile nitaijaza kwa malipo ya mwisho wa mwezi, na hadi ijae sinunui hata kisanduku kimoja cha kukanyaga. Mama nilimweleza yote kwa simu, akanyamaza kidogo, akasema: "Sawa. Basi ujifunze kweli." Kwa mama hiyo ni baraka, lakini ni mkataba vilevile.

Kwa kuwa asilimia 90 wananingoja upande wa pili, nimeweka sharti. Dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, na kila zoezi nalirekodi na kulihifadhi kwenye hazina ya git (ndiyo, git ya gita, cheka upendavyo). Baada ya miezi sita kumbukumbu zitasema zenyewe. Zikiwa tupu, gita litatafutiwa mikono mingine kama lile la Green, na pesa zitakwenda kwenye karo. Kwa sasa dada amekwisha kusema kwamba kazi yake ya kwanza chuoni itakuwa kuandika programu ya kuthibitisha kama kweli nimefanya mazoezi :-)

Nawe mdau, kama una kifaa kipya mezani na risiti bado ni mbichi, kiulize maswali haya kabla siku za kurudisha hazijaisha. Je, kasoro yake ni ya bisibisi au ya kiwanda? Je, sehemu yake ipi inaweza kufanywa na kitu ulicho nacho tayari? Na kuna nani mwingine anayeihitaji pesa hiyo wiki hii, si mwaka ujao? Wakati mwingine utakuta jibu si kubaki nacho chote wala kukirudisha chote. Legeza skrubu, tenganisha vipande, kisha uamue kipande kwa kipande.

Wiki ijayo nikijaaliwa nitaeleza jinsi ile programu ndogo ya kupima masafa ya uzi inavyofanya kazi, mstari kwa mstari. Mpaka wakati huo, kazi njema.